Ndege Aliyefutwa Katika Orodha



Mwezi huu tumeletewa barua na mzazi mmoja wa upande wa Malindi, nasi tumeona vyema kuiweka mbele ya jamaa wote, kwani jambo aliulizalo, japokuwa limeanza kwa ndege mdogo wa pwani, ni jambo liwapatalo vijana wengi na wazee wao. Asema:

"Bwana Mwalimu, mwanangu ana umri wa miaka kumi na sita, naye amependa mno kutazama ndege. Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba aliingia katika mashindano ya vijana kwenye hori ya Mida. Makundi yalikuwa mawili, kila kundi watu wanne, na kazi yao ilikuwa kuwatambua ndege tangu alfajiri mpaka saa kumi alasiri, na kuwapiga picha kila wawezapo. Zawadi ilikuwa darubini mbili. Saa ilipofika, wenzao wakasoma hesabu yao: aina 62. Kundi la mwanangu nalo lilikuwa na 62, na kwa kuwa ni sawasawa, kila kundi lingepata darubini moja. Kabla orodha yao haijatolewa, mwanangu akasema: 'Yule kitwitwi mdogo sikumtambua kwa hakika. Mfuteni.' Na yeye ndiye aliyemtaja asubuhi, wenziwe wakamwandika kwa kumwamini. Picha ilipigwa, lakini ndege aonekana kama punje ya kunde. Basi wakamfuta, wakashindwa kwa ndege mmoja, na darubini zote mbili zikaenda kwa wenzao. Tangu siku hiyo wenziwe hawasemi naye, na mimi nami, sikufichi, nilimwambia kuwa amefanya upumbavu. Mama yake asema kwamba nimemkosea mtoto. Tuamulie."

Jawabu tutalitoa, wala hatutalizungusha. Lakini kwanza yafaa tujue mashindano haya ni ya namna gani na yametoka wapi, kwani wako wazee watakaosoma barua hii wakasema: ndege na zawadi, wapi na wapi? Na asiyejua mchezo hawezi kumhukumu mchezaji.

Mashindano ya ndege yalianza kwa bunduki. Huko Marekani, katika karne ya kumi na tisa, palikuwa na ada ya siku ya Krismasi: wanaume walijigawa makundi mawili, wakaingia mashambani na misituni, na jioni kundi lililoleta lundo kubwa zaidi la ndege na wanyama waliouawa ndilo lililoshinda. Ikafika mwaka 1900, bwana mmoja aitwaye Frank Chapman, mtaalamu wa ndege katika jumba la makumbusho la New York na mhariri wa gazeti la ndege liitwalo Bird-Lore, akawataka watu waigeuze ada ile: watoke siku ile ile, lakini wahesabu badala ya kuua. Tarehe 25 Desemba 1900 walitoka watu 27 katika mahali 25, wakaandika aina zipatazo 90. Hesabu ile yaendelea mwaka baada ya mwaka mpaka leo, na sasa wanaotoka ni makumi ya maelfu.

Mageuzi haya, ndugu msomaji, ni makubwa kuliko yaonekanavyo. Aliyeua ndege hahitaji shahidi, kwani mzoga u mkononi mwake na kila mtu aweza kuugeuza na kuutazama. Lakini aliyemwona ndege akaruka, amebaki na nini mkononi? Amebaki na neno lake tu. Siku ile bunduki ilipowekwa chini, kilichoshika mahali pake katika mchezo huu ni uaminifu wa mtu. Ukiuondoa huo, hapana mashindano tena. Pana watu waandikao majina kwenye karatasi.

Baadaye mchezo ukapata vitabu vyake na kanuni zake. Mwaka 1934 Roger Tory Peterson alitoa kitabu cha kuwatambulia ndege wa mashariki ya Marekani, na hila yake ilikuwa nyepesi sana: kila picha aliitia vijistari vionyeshavyo alama imtenganishayo ndege huyo na mwenziwe, ili mtu amtambue kwa mbali angali hai, asilazimike kumwangusha na kumshika. Nusu karne ikapita. Mwezi wa Mei mwaka 1984, katika jimbo la New Jersey, yakaanzishwa mashindano mashuhuri ambayo makundi hushindana kutoka usiku wa manane mpaka usiku wa manane unaofuata, kutafuta aina nyingi kadiri iwezekanavyo, kwa kuziona au kwa kuzisikia. Peterson mwenyewe, akiwa mzee wa miaka 75, alikuwamo katika kundi lililoshinda mwaka ule kwa aina 201. Na watu huahidi kutoa fedha kwa kila aina itakayopatikana, na fedha hizo huenda katika kuhifadhi ndege na makao yao.

Wala msidhani kwamba haya ni ya Wamarekani peke yao. Kenya yetu ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na tarehe 29 na 30 Novemba 1986 yalifanywa humu mashindano yaliyotajwa dunia nzima: watu watatu, Terry Stevenson, John Fanshawe na Andy Roberts, walitambua aina 342 kwa siku moja. Hesabu hiyo ilikuja kupitwa, na mwaka 2015 watu wanne nchini Ecuador walifikisha 431 kwa siku moja. Mwaka huo huo wa 2015 Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, ambacho tangu mwaka 2002 kina daftari kubwa la ndege katika intaneti liitwalo eBird, kilianzisha siku ya dunia nzima ya kuhesabu ndege katika mwezi wa Mei, na mwaka 2018 kikaongeza siku ya mwezi wa Oktoba. Kwa hiyo vijana wetu wakienda Mida na daftari zao, huwa wanafanya kazi ile ile ifanywayo na watu wa mataifa mengine.

Sasa tazameni kanuni moja ya mashindano haya. Kwa wale Wamarekani washindanao kwa siku nzima, imewekwa sharti kwamba katika kila ndege 100 walioandikwa, 95 lazima wawe wametambuliwa na kila mtu wa kundi. Haitoshi mmoja aliyefumbuka macho aseme, na wengine waitikie. Maana ya sharti hili ni kwamba watu hawa wanajijua: wanajua kuwa saa ya kumi na mbili ya kutembea juani, tumbo likiwa tupu na wenzako wakikungoja useme jina, jicho huona kile ambacho moyo wakitaka. Hawakuwawekea waongo sharti hili; waliwawekea watu wema waliochoka.

Na neno la uwongo likipita, madhara yake ni nini? Msikilize kisa cha Hastings. Huo ni mji wa pwani katika kusini ya Uingereza. Tangu mwaka 1892 mpaka 1930 palitangazwa kuwa ndege wa ajabu, wasiopata kuonekana kamwe nchini humo au walioonekana kwa nadra mno, wameuawa katika viunga vya mji ule, mmoja baada ya mmoja. Wengi wao walipitia mkononi mwa fundi mmoja wa kukausha na kujaza ngozi za ndege, na matajiri wenye kukusanya ndege walitoa fedha nyingi kwa ndege aliyesemekana kuuawa Uingereza, ilhali ndege huyo huyo kutoka ng'ambo thamani yake ilikuwa duni. Majina yale yakaingia vitabuni, na wanafunzi wakayasoma kuwa ni kweli. Ndipo mwezi wa Agosti 1962 gazeti liitwalo British Birds likatoa uchunguzi wake. Mtaalamu wa hesabu, John Nelder, aliwalinganisha ndege wa Hastings na wale walioandikwa katika sehemu za jirani, na tena na wale wa miaka ya baadaye, akaona kwamba wingi ule wa maajabu mahali pamoja hauaminiki. Yule fundi alikwisha kufa, na zama za uhai wake alikuwa akikana. Lakini orodha nzima ya pale ikatupwa, mamia ya ndege kwa pamoja.

Na lililo zito zaidi ni hili: aina nyingi katika zile zilizotupwa zimekuja kuonekana Uingereza baadaye kwa ushahidi safi. Yamkini basi katika lundo lile alikuwamo ndege wa kweli, aliyeonwa na mtu mkweli, naye akafutwa pamoja na wa uwongo kwa kuwa hapakuwa tena na njia ya kumtenga huyu na huyu. Ndivyo uwongo ufanyavyo: humharibia hata aliyesema kweli. Miaka 70 ilipita tangu ndege wa kwanza mpaka siku ya kufutwa.

Huenda mtu akasema: hayo ni ya zamani, siku hizi kuna kamera, na kamera haidanganyi. Kweli kamera ni rafiki mkubwa wa mtazama ndege. Ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, walipiga mwaka 1892 picha ya kiota chenye mayai mahali pake palepale, jambo lililokuwa geni siku hizo, na baadaye wakawa wakijificha hata ndani ya ng'ombe wa kubuni ili wawakaribie ndege bila kuwatisha. Katika mashindano makubwa ya picha za viumbe wa porini yaliyoanza Uingereza miaka ya 1960, picha iliyoshinda mwaka 1965 ilikuwa ya bundi. Lakini katika mashindano hayo hayo, mwezi wa Aprili 2018, waamuzi waliipokonya zawadi picha ya mnyama alaye mchwa, iliyokuwa imeshinda mwaka uliotangulia, kwa kuwa wataalamu waliona kwamba mnyama yule ni wa kujazwa, hakuwa hai. Mwenye picha alikana, lakini uamuzi haukubadilika. Ndiyo maana siku hizi mashindano ya heshima hutaka picha ya asili kama ilivyotoka katika kamera, na hukataza kuwaita wanyama kwa chambo hai, na huwakemea wanaosogeza majani ya kiota ili picha ipendeze, kwani kiota kikiachwa wazi huonwa na jua na kunguru.

Kamera, basi, ni chombo. Huonyesha kile alichokielekeza mwenye nayo, na kwa umbali ule uliokuwapo. Na zile programu za simu zimtajiazo mtu jina la ndege kwa picha au kwa sauti, kama ile iitwayo Merlin, ni msaada mzuri wa kujifunzia, lakini nazo hukisia. Simu haikusimama matopeni, wala haitaulizwa chochote na waamuzi. Atakayeulizwa ni wewe.

Turudi sasa kwa kitwitwi wetu. Katika hori ya Mida na fuko zetu nyingine huja vitwitwi wa mchangani wa namna mbili, mkubwa na mdogo. Wote huzaa mbali katika nchi za Asia, na baridi ikianza huko huja kwetu. Huko kwao, zama za kuzaa, huvaa kifua cha rangi ya kutu. Wafikapo hapa mwezi wa Oktoba wengi wamekwisha kuivua nguo hiyo, wote wamebaki na mgongo wa kahawia na tumbo jeupe, na tofauti iliyobaki ni ya kipimo tu. Mkubwa mdomo wake ni mrefu na mnene zaidi. Miguu yake ni mirefu, aghalabu ya kijani iliyofifia, na akiruka vidole vyake hutokeza nyuma ya mkia. Mdogo mdomo wake ni mfupi, kichwa chake chaonekana cha mviringo, na miguu yake aghalabu ni ya rangi nzito zaidi. Wakisimama ubavu kwa ubavu, hata mgeni huwatenga. Lakini akisimama mmoja peke yake, mbali, jua likiwa machoni pako na matope yamempaka miguu, hata mzoefu husita. Na miaka ya karibuni wataalamu wamemgawa yule mdogo kuwa aina mbili, kwa hiyo kazi imezidi ugumu.

Basi kijana huyu hakusitasita kwa ndege ambaye kila mtoto amjua. Alisita pale ambapo mtu mwenye elimu yampasa asite. Yafaa tukumbuke kwamba wanavyuoni wetu wakubwa waliulizwa masuala mengi wakajibu "Allahu aalam", na hakuna aliyewaona wapumbavu. Elimu ya mtu hupimwa kwa yale ayajuayo, na pia kwa kuujua mpaka ambapo ujuzi wake wakoma.

Sasa hukumu yetu.

Kwa kijana twasema: umefanya vyema, na ndege uliyemfuta ana thamani kuliko wale 61 uliowaacha, kwa sababu yeye ndiye anayetufanya tuwaamini wale 61. Lakini una kosa moja, nalo usilidharau. Shaka yako ulikuwa nayo tangu asubuhi, wala haikuzaliwa alasiri. Ungaliisema palepale ufukoni, wenzako wangalipata nafasi ya kumtafuta ndege yule tena, kumsogelea, kungoja maji yapwe, au kumtafuta ndege mwingine badala yake. Ulinyamaza, wakajenga matumaini yao juu ya neno lako, kisha ukalibomoa saa ya mwisho. Kwa hilo wana haki ya kuudhika, nawe waombe radhi kwa kuchelewa kusema. Kwa kusema usiombe radhi. Tena jifunze desturi ya wazoefu: ndege usiye na hakika naye mwandike "kitwitwi wa mchangani, namna yake haikujulikana". Hata daftari zile kubwa za dunia zimeweka mahali pa kuandika hivyo, na mwandiko huo una faida, kwani ni wa kweli.

Kwa wale watatu twasema: mmekosa darubini, si jambo dogo kwa vijana, nasi twawapa pole. Lakini jiulizeni neno moja. Ninyi wenyewe mlimwona ndege yule mkamtambua? Kama mlimtambua, mbona hamkusema, "Sisi tulimwona, tuna hakika"? Na kama hamkumtambua, basi mliandika jina kwa macho ya mwenzenu, na mwenye macho akayataka yarudi kwake. Mwenzenu huyu ndiye mtu wa kwenda naye mara nyingine, kwani siku atakaposema "nimemwona", mtajua kwamba amemwona. Msimwache akaenda na kundi jingine.

Na kwa mzee mwenzetu, aliyetuandikia kwa moyo safi hata akataja kosa lake mwenyewe, twasema kwa heshima: mama yake amesema kweli. Mtoto aliporudi nyumbani huenda la kwanza alilosikia ni "Je, mmeshinda?" Nasi wazazi wote tu hivyo, hata mimi mwalimu, wanafunzi wangu wakitoka katika mashindano ya kusoma, ulimi wangu hutangulia huko huko. Mtoto asikiaye swali hilo kila mara hujifunza kwamba nyumbani kwao kinachohesabiwa ni tarakimu. Leo ni ndege, kesho ni karatasi ya mtihani, keshokutwa ni mizani ya duka au fedha za watu alizokabidhiwa. Huko nako patakuwa na saa ya mwisho, na wenzake watakuwa wakimtazama, na darubini itakuwa mezani. Wewe umekwisha kujua atakavyofanya, na wazazi wengi hawajui.

Mwite basi, umwambie kwamba uliteleza. Neno hilo halimpunguzii baba heshima. Kisha, mkipata wasaa, nendeni naye Mida asubuhi moja, maji yakianza kupwa. Mwambie akuonyeshe yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, alaye kaa, ambaye huzaa katika fuko za Ghuba na Oman kwa kuchimba shimo mchangani, kisha akasafiri mpaka kwetu kama walivyosafiri wazee wetu kwa majahazi. Huyo hana shaka ndani yake. Ukimwona mara moja humsahau. Na mkiwaona vitwitwi wawili wamesimama pamoja, mkubwa na mdogo, mwambie akufundishe kuwatenga.

Nawe ukishindwa kuwatenga, mwambie mwanao: "Sijui." Atafurahi kulisikia neno hilo likitoka kwako.

Wassalaam.